Shajara ya mradi, Malaba: taarifa ya jana ndiyo somo la leo

Wiki ya kwanza

Wakurugenzi wa kampuni tano, tatu za malori na mbili za uwakala wa forodha, wamekubaliana leo kutoa fedha za miezi sita ili madereva, matanboi (wasaidizi wa madereva) na makarani wao wajifunze kwa simu, na ili kampuni hizo ziwe zikipeana taarifa za njiani. Zote zina ofisi hapa Malaba, upande wa Uganda, na zote hugombania wateja walewale, kwa hiyo saa nzima ya mwanzo ya kikao ilikwenda kwa kutazamana. Mimi nimepewa kazi ya uratibu. Shajara hii itawaonyesha wenye fedha zao kila hatua tuliyopiga na kila mahali tulipokwama.

Sababu ya mradi inajulikana na kila mwenye lori katika mji huu. Mzigo wa Uganda hutoka bandari ya Mombasa, zaidi ya kilomita 900 hadi kufika mpaka huu, na chochote kinachotikisa njia hiyo hututikisa sisi. Januari 2008 ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilifika hadi kung'oa reli pale Kibera, na vituo vya mafuta vya Uganda vikakauka. Aprili 2020 malori yaliyosubiri vipimo vya korona yalipanga foleni ya makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Januari 2022 madereva waligomea ada ya vipimo hivyohivyo, na bei ya mafuta ikapaa Uganda nzima. Mara zote tatu kampuni ambazo malori yao yalikuwa yameegeshwa bega kwa bega zilitafuta habari kila moja kivyake, na kila moja ilipata kipande tu.

Naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa ya hasara ya 2020 ilitokana na kutojua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ililiona hilo mwaka huohuo, ikaanzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva ili majibu ya kipimo cha dereva yaonekane katika nchi jirani na asipimwe upya kila mpaka. Serikali zilikubali kupeana taarifa. Sisi tulioziba njia kwa malori yetu hatukuwa tumeanza.

Wiki ya pili

Nimepitia masomo ya simu ambayo kampuni moja ilikuwa imeyanunua zamani. Yote ni ya Kiingereza, na ukiangalia rekodi unaona madereva walifungua ukurasa wa kwanza, wakabonyeza hadi wa mwisho, wakapewa cheti. Baadaye mtu fulani aliyatafsiri kwa Kiswahili cha kamusi, na hayo nayo hayakusomwa. Barabara hii ina Waganda, Wakenya, Wanyarwanda, Wakongo na watu wa Sudan Kusini. Ofisini wanaandikiana Kiingereza, nyumbani kila mtu ana lugha yake, lakini kuanzia getini hadi kwenye kibanda cha chai wote husemezana Kiswahili. Ni Kiswahili chao wenyewe. Kile kifungo chenye namba kinachofungwa mlangoni mwa kontena dereva hakiiti "lakiri", hukiita "sili". Msaidizi wake ni "tanboi", na ukimwita "utingo" atajua umetoka mbali. Uamuzi wangu wa wiki hii ni kwamba hatutafsiri chochote. Tutarekodi.

Wiki ya nne

Siku tatu nimekuwa Naluwerere, karibu na Bugiri, mahali ambapo malori hulala na madereva hula. Nilifuatana na dereva mmoja mkongwe ambaye kila mtu humwita Mzee, nami nikamwita hivyo. Tulimwomba atufundishe ukaguzi wa matairi kabla ya kuondoka, nami nishike simu tu.

Mzee alichukua kipande cha mti wa mwembe chenye urefu wa mkono, akaanza kuzunguka trela kuanzia nyuma kushoto. Kila tairi alilipiga mara moja, akanyamaza, kisha akaenda kwa linalofuata. Alipofika ekseli ya kati alipiga la nje, likaita. Akapenyeza mti akapiga la ndani, likatoa mlio mzito uliokufa palepale. "Umesikia, mwanangu?" akaniuliza. "La nje linabeba mzigo wa wawili. Kwa macho huoni kitu, yote yamesimama sawasawa. Ukiteremka nalo Sachangwan hivyo, litashika moto." Kisha akaeleza kwamba kwenye mteremko ule wa Kenya breki haziachiwi kazi peke yake: gia huteremshwa ukiwa bado juu, kabla ya mlima kuanza kuvuta, kwa sababu ukishachelewa haitaingia tena.

Rekodi nzima ni dakika nne. Niliipunguza ikawa tatu, nikaacha sauti ya kila tairi isikike, kwa sababu hilo ndilo somo lenyewe. Kisha tukaongeza maswali mawili: msikilizaji anasikia milio mitatu na kuchagua tairi bovu, halafu anajibu gia huteremshwa wapi. Yule tanboi wa Mzee, kijana anayetaka kuwa dereva, alirudia kusikiliza mara nyingi akiwa ameegemea bampa, na kesho yake nikamkuta yuko na mti wake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoona mradi huu una jambo moja na wala si mawili. Nilikuja nikiwa na bajeti yenye safu ya mafunzo na safu nyingine ya taarifa. Lakini Mzee anapoandika kwenye fomu ya njiani, ile ya kupeana taarifa, kwamba tairi la ndani lilikufa katika kipande fulani cha barabara, hiyo ni taarifa. Anapoeleza alivyoligundua, hiyo ni somo. Na chanzo chake ni safari ileile. Kampuni zikitenganisha viwili hivi zitapata masomo yaliyozeeka na majedwali yasiyosomwa na mtu. Nimewaandikia wakurugenzi kuomba safu hizo mbili ziunganishwe.

Wiki ya sita

Kikao kigumu kuliko vyote hadi sasa. Ajenda ilikuwa saa za kusubiri mpakani, na wakurugenzi wawili walikataa kabisa kuonyesha daftari zao, wakisema mteja akijua lori lililala Malaba siku mbili atahamia kwa jirani.

Niliwasimulia kisa cha Aisin. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliunguza kiwanda cha kampuni hiyo kule Kariya, Japani, ambacho kilitengeneza karibu vali zote za breki zilizotumiwa na magari ya Toyota. Toyota haikuwa na akiba ya kutosha hata siku chache, na viwanda vyake vikasimama. Aisin ilitoa michoro ya vali ile kwa kampuni nyingine nyingi, zikiwemo ambazo hazikuwahi kutengeneza kifaa kama hicho. Hata Brother, watengenezaji wa cherehani, walishiriki. Vali zikaanza kufika ndani ya siku chache. Niliwaambia wakurugenzi kwamba Aisin iliwapa wengine mchoro ambao ndio uliokuwa mkate wake, na kwamba sisi tunaombana saa tu.

Mmoja aliuliza, na ni swali la haki, kama kupeana taarifa kati ya washindani kunaruhusiwa. Sheria ya Ushindani ya 2023 inakataza makubaliano ya kupanga bei, kwa hiyo tumeandika kwenye mkataba wetu kwamba bei, majina ya wateja na thamani ya mizigo havitaingia kamwe katika jedwali la pamoja. Yanayoingia ni saa, mahali, hali ya barabara na sababu ya kuchelewa. Wakili wa kampuni mojawapo alisoma kila sentensi kwa sauti kabla ya watu kutia saini.

Daftari zilipofunguliwa hatimaye, tuligundua kwamba hazikuwa zinahesabu kitu kimoja. Kampuni ya kwanza ilianza kuhesabu kusubiri tangu lori linapojiunga na foleni, ya pili tangu linapoingia getini, na ya tatu tangu karani anapopata simu ya dereva. Tulitumia mchana wote kukubaliana juu ya nyakati nne tu: kujiunga na foleni, kuingia geti, hati kukubaliwa, kutoka geti. Mtu wa nje ataona ni jambo dogo. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa tuliyofanya tangu tuanze, kwa sababu kabla ya hapo tulikuwa na namba zisizoweza kukaa meza moja.

Matokeo yalikuja haraka. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, utaratibu wa pamoja wa nchi za Afrika Mashariki ulioanza kutumika mwaka 2014, mzigo wa Uganda hutangazwa na kukubaliwa kabla haujaondoka Mombasa, na hapa mpakani lori linapaswa kusimama mara moja tu, upande wa nchi linayoingia. Hata hivyo malori yetu yalikuwa yanalala. Tulipopanga sababu, zaidi ya nusu ya yaliyolala wiki hiyo yalikuwa na kosa la hati lililofanyika mwanzoni kabisa: namba ya trela iliyobadilishwa bila hati kubadilishwa, au namba ya sili kwenye karatasi isiyolingana na ile iliyofungwa mlangoni. Kila kampuni ilikuwa ikidhani tatizo ni la maofisa. Siku mbili baadaye tulikuwa na somo la dakika mbili, sauti ya karani wa forodha mwenyewe: piga picha ya sili, soma namba tarakimu kwa tarakimu, linganisha na hati, na usiwashe injini kabla hazijalingana.

Wiki ya nane

Wiki ya mitambo. Fomu za njiani zinajazwa kwa ODK, programu huria inayohifadhi fomu ndani ya simu na kuituma mtandao unapopatikana, kwa hiyo dereva aliye mahali pasipo na mnara hapotezi kitu. Masomo yako kwenye Kolibri, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti: kisanduku kidogo kiko karakana ya Malaba, kingine Naluwerere, na dereva anayefika huunganisha simu yake na wai-fai ya kisanduku na kusikiliza bila kutumia bando. Hilo la bando ni zito. Tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya bando za intaneti, na dereva anayelipia mwenyewe atachagua kumpigia mkewe kabla ya kusikiliza somo la matairi. Nami ningefanya hivyo.

Kuna walioniuliza kwa nini ninasumbuka na visanduku wakati kila mtu yuko WhatsApp. Nimewakumbusha jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa Uganda nzima na kurejeshwa siku ya tano. Malori yalikuwa njiani siku zote hizo.

Nimewasimulia pia habari za Maersk, maana makontena yao tunayabeba kila siku. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliivamia kampuni hiyo na kuharibu seva zake dunia nzima. Nakala moja tu ya seva zinazotambua watumiaji wa mtandao wake ilisalimika, ofisini mwao Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na mashine ilikuwa imezimika wakati wa shambulio. Ikabidi nakala hiyo isafirishwe na mtu kwa ndege hadi Uingereza. Mwenyekiti wa kampuni alieleza baadaye kwamba waliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Kwetu hapa mambo ni madogo zaidi, lakini agizo limetoka: kila Ijumaa nakala ya jedwali na masomo yote huwekwa kwenye diski, diski huchomolewa, na hufungiwa kabatini Tororo, mbali na waya wowote.

Wiki ya kumi

Tumekosea, na nalieleza kosa lilivyo. Karani wetu alitakiwa kuzipelekea kampuni zote jedwali la saa za kusubiri. Alipeleka jedwali zima la fomu, lenye majina ya madereva, namba zao za simu na namba za leseni. Jioni hiyohiyo madereva watatu walipigiwa simu na kampuni nyingine kuulizwa kama wanataka kazi, na mwajiri wao akaja ofisini kwangu akiwa na hasira ambayo siwezi kumlaumu nayo. Madereva wenyewe waliumia zaidi. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi nilikupa namba ili unitumie somo."

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inamtaka mkusanyaji achukue taarifa anazozihitaji tu, azitumie kwa sababu aliyoisema wakati anazichukua, na aiarifu mamlaka mara moja zikifikia mtu asiyestahili. Tumeiandikia Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tumefuta majedwali yaliyotumwa na kupata uthibitisho kwa maandishi kutoka kila kampuni, na tumewaita madereva wote waliotajwa na kuwaeleza wenyewe, kwa Kiswahili, ana kwa ana, kilichotokea.

Kosa halikuwa la karani peke yake. Mimi ndiye niliyeruhusu fomu iombe jina na leseni, eti zitakuja kufaa baadaye. Hazikuwa na kazi yoyote. Ili kujua kwamba daraja limefurika hatuhitaji kujua ni nani aliyeliona. Tunahitaji kujua saa ngapi. Sasa fomu ina namba ya siri ya safari tu, na orodha inayounganisha namba hiyo na dereva hubaki kwa mwajiri wake. Madereva wanne wamejitoa. Nimewapokea uamuzi wao bila kuwabembeleza, na nimewaambia masomo ya kisanduku ni yao bado, hata wasipojaza fomu.

Wiki ya kumi na mbili

Saa kumi alfajiri tanka la mafuta lilipinduka kati ya Bugiri na Nakalama, barabara ikafungwa. Fomu ya kwanza ilitoka kwa tanboi wa kampuni ya pili, yule kijana wa Naluwerere, ikiwa na picha na maneno saba: "Tanka limelala njia yote. Mafuta yanamwagika. Msisogee." Aliongeza ujumbe wa sauti akiwaonya wenzake wasiwashe sigara wala kukinga mafuta kwa madumu, maana barabara hii imezika watu wengi kwa tamaa ya lita chache.

Tulikuwa tumelifanyia zoezi jambo hili. Mfano wetu ulikuwa Mei 2023, mafuriko yalipolivunja daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala hadi Masaka, na magari yakalazimika kuzungukia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Tuliwauliza madereva wa zoezi: ungejua saa ngapi, kutoka kwa nani, na lori lako lingekuwa wapi? Siku ya tanka walijibu kwa vitendo. Malori ambayo hayajaondoka Malaba na Tororo yalielekezwa Mbale, yakashika barabara ya Tirinyi na kutokea Nakalama, mbele ya ajali. Yaliyokwisha kupita Tororo yaliegeshwa Naluwerere badala ya kwenda kujibana kwenye msongamano karibu na mafuta yaliyomwagika. Kampuni zote tano zilipata taarifa ileile ndani ya nusu saa, na dereva wa mshindani alipewa njia ya kuzunguka sawa na dereva wa nyumbani.

Hayakuenda yote sawa. Malori mawili yenye sili za kielektroniki yaliacha njia iliyosajiliwa, kengele ikalia kwenye kituo cha ufuatiliaji cha Mamlaka ya Mapato ya Uganda, na madereva wakasimamishwa hadi walipojieleza. Mfumo ule, unaotumiwa pamoja na Uganda, Kenya na Rwanda, ulifanya kazi yake ipasavyo. Sisi ndio tuliosahau kwamba lori la transiti, lenye mzigo unaopita tu nchini, halibadilishi njia kabla ya wakala kuomba kibali. Karani wa forodha amerekodi somo hilo jana, na safari hii limeanza na maneno "kabla hujakata kona ya Mbale, mpigie wakala."

Jioni mkurugenzi mmoja wa wale waliokataa kufungua daftari alinipigia simu. Hakusema mengi. Aliuliza kama kisanduku cha tatu kinaweza kuwekwa kwenye maegesho yake kule Elegu, na kwamba umeme atalipia yeye.

Wiki ya kumi na nne

Kisanduku cha Elegu kimefungwa. Mji huo uko mpakani na Sudan Kusini, na mto Unyama ukifurika maji huingia hadi kwenye maegesho, kwa hiyo tumekiweka juu ya kabati, betri ikiwa juu yake. Somo la Elegu lenyewe bado halipo. Hatuna haja ya kuliandika ofisini wakati mtu anayelijua yuko huko: Mzee alivuka juzi na mzigo wa Juba, fomu yake ya mwisho inasema maji yamefika nusu ya tairi la mbele kwenye njia ya kuingilia na kwamba amepita taratibu kwa gia ya pili bila kubadilisha. Nimemwomba arekodi jinsi alivyopima kina kabla ya kuingiza lori. Amejibu kwa sauti, kuna kelele za jenereta nyuma yake, kwamba anasubiri kupakua, simu ina chaji kidogo, na atarekodi akirudi, akiwa kandokando ya maji yenyewe ili vijana wayaone.

Kazi za wiki ijayo: kuchukua diski ya Tororo na kujaribu kurejesha jedwali kutoka kwake, jambo ambalo hatujalifanya hata mara moja, kuwapelekea madereva waliojitoa fomu mpya waione, na kuacha nafasi ya dakika tatu katika Kolibri kwa ajili ya sauti ya Mzee.